Hans Peter Luhn

Hans Peter Luhn (1 Julai 1896 – 19 Agosti 1964) alikuwa mhandisi na mvumbuzi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake nchini Marekani, hasa katika kampuni ya IBM. Anafahamika zaidi kwa algoriti ya Luhn, inayokagua namba za kadi za benki na za simu za mkononi, na kwa faharasa za aina ya KWIC. Wanahistoria wa kompyuta humtaja pia kama mtu wa kwanza kuandika wazo la jedwali la hashi, yaani njia ya kuhifadhi taarifa ambapo mahali pa kuiweka hukokotolewa kutokana na taarifa yenyewe. Wazo hilo liko leo ndani ya karibu kila programu kubwa ya kompyuta. Linakuja na sharti moja kuhusu usawa wa vitu, sharti ambalo waandishi wa programu wanaendelea kulivunja bila kujua.

Maisha ya awali

Luhn alizaliwa Barmen, mji wa viwanda ambao tangu mwaka 1929 ni sehemu ya Wuppertal, magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, Johann Luhn, alikuwa fundi mkuu wa uchapaji. Alipomaliza shule ya sekondari, kijana huyo alikwenda St. Gallen nchini Uswisi kujifunza uchapaji ili aje kuingia katika kazi ya familia. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikatiza mpango huo, na Luhn alitumikia jeshi la Ujerumani kama afisa wa mawasiliano.

Baada ya vita aliingia katika biashara ya nguo, na biashara hiyo ndiyo iliyomfikisha Marekani katika miaka ya 1920. Huko alibuni Lunometer, kipimo cha kuhesabia nyuzi za kitambaa. Ni kipande chenye mistari mingi myembamba. Kikiwekwa juu ya kitambaa, mistari yake na nyuzi za kitambaa hutengeneza kivuli cha mawimbi kinachoonyesha idadi ya nyuzi katika inchi moja, hivyo fundi hahitaji kuzihesabu moja moja. Kipimo hicho kiliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya kifo chake.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Luhn aliishi kwa uvumbuzi, akiwa na ofisi yake mwenyewe ya ushauri wa uhandisi. Alipata hataza za vitu ambavyo havihusiani hata kidogo, miongoni mwake koti la mvua linalokunjwa, meza ya michezo, na chombo cha kumwonyesha mtu ni vinywaji gani anaweza kuchanganya kwa chupa alizo nazo nyumbani. Hadi mwisho wa maisha yake hataza zake zilizidi 80.

Kuingia IBM

Mwaka 1941 IBM ilimwajiri kama mhandisi mwandamizi wa utafiti. Wakati huo kampuni hiyo ilitegemea mashine za kadi za matundu, ambamo kila taarifa ilikuwa tundu mahali fulani katika kadi ya karatasi ngumu. Mwaka 1947 wanakemia wawili, James Perry wa Marekani na Malcolm Dyson wa Uingereza, waliomba msaada wa IBM. Idadi ya kampaundi za kemia zilizochapishwa ilikuwa imeongezeka mno, na mtafiti aliyetaka kujua kama kampaundi fulani imewahi kutengenezwa alilazimika kupekua rundo la majarida. Kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Luhn, naye akaunda mashine ya kusoma kadi kwa mwanga na kutoa zile zilizolingana na swali la mtafutaji.

Mashine yenyewe haikudumu, ila swali lake lilibaki naye: mtu atakipataje kitu kimoja kati ya vingi bila kuvipitia vyote? Hatimaye aliongoza utafiti wa IBM kuhusu utafutaji wa taarifa.

Waraka wa 1953 na jedwali la hashi

Mnamo Januari 1953 Luhn aliandika waraka wa ndani wa IBM uliokuwa na wazo lake la hashi. Kabla ya hapo njia za kutafuta katika orodha zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuanza juu na kushuka hadi kitu kipatikane, kazi inayorefuka kadiri orodha inavyokua. Ya pili ni kuipanga orodha kwa mfuatano, kama kamusi, kisha kuigawa nusu kwa nusu. Hiyo ni ya haraka, lakini kila jina jipya linapoingia lazima mengine yasogezwe.

Luhn alipendekeza taarifa zigawanywe katika makundi aliyoyaita ndoo, na namba ya ndoo ipatikane kwa kuuvuruga ufunguo wa taarifa kwa hesabu nyepesi. Kwa mfano, tuchukue namba ya uanachama wa maktaba 482617. Igawanywe jozi tatu: 48, 26 na 17. Tarakimu za kila jozi zijumlishwe: 12, 8 na 8. Ibaki tarakimu ya mwisho ya kila jumla: 2, 8, 8. Taarifa za mwanachama huyo zitawekwa katika ndoo 288. Siku atakaporudi, karani hapitii orodha. Anarudia hesabu ile ile na kwenda moja kwa moja kwenye ndoo 288.

Namba mbili tofauti zinaweza kuangukia ndoo moja. Mwanachama 842671 naye anapelekwa 288, kwa kuwa 8 na 4 hutoa 12 sawa na 4 na 8, na 7 na 1 hutoa 8 sawa na 1 na 7. Katika waraka wake Luhn alishughulikia mgongano wa namna hiyo kwa kuziunganisha taarifa za ndoo moja kama mnyororo. Mtafutaji akifika kwenye ndoo hupitia mnyororo huo mfupi na kulinganisha kila ufunguo na ule anaoutaka.

Kwa hiyo utafutaji huo una hatua mbili. Hashi huchagua ndoo, kisha ulinganisho huchagua kitu ndani ya ndoo. Hatua hizo lazima zikubaliane: vitu viwili vinavyohesabiwa kuwa sawa lazima vitoe hashi moja. Kinyume chake si lazima, maana vitu tofauti huruhusiwa kukutana katika ndoo moja. Katika mfano wa namba sharti hili linatimia lenyewe, kwa sababu 482617 ni 482617 popote inapoandikwa. Katika majina mambo hubadilika. Karani akiamua kwamba Mohamed na Mohammed ni mtu mmoja, lakini ndoo inatafutwa kwa kuhesabu herufi, basi aliyeandikishwa kwa tahajia moja hataonekana akitafutwa kwa tahajia nyingine. Faili lake lipo na halijaharibika. Limelala katika ndoo ambayo hakuna atakayeifungua.

Waraka wa Luhn haukuchapishwa kwa umma. Karibu wakati huo huo Gene Amdahl, Elaine McGraw, Nathaniel Rochester na Arthur Samuel, wote wa IBM, walifikia njia nyingine bila kumtegemea Luhn: badala ya mnyororo, kitu kilichokuta nafasi imejaa kiliwekwa katika nafasi inayofuata. Arnold Dumey ndiye aliyechapisha wazo la hashi kwa wasomaji wa nje, mwaka 1956. Jina hashi lenyewe lilienea baadaye, katika miaka ya 1960. Sifa ya Luhn katika jambo hili ilijulikana kwa wengi kupitia Donald Knuth, aliyeutaja waraka wa 1953 katika juzuu la tatu la kitabu chake kuhusu sanaa ya programu, lililotoka mwaka 1973.

Algoriti ya Luhn

Tarehe 6 Januari 1954 Luhn aliomba hataza ya kifaa kidogo cha mkononi cha kukagua namba. Hataza namba 2,950,048 ilitolewa tarehe 23 Agosti 1960. Tatizo lilikuwa la ofisini: karani anayenakili namba ndefu hukosea tarakimu moja, au hubadilishana tarakimu mbili za jirani, na kosa hugunduliwa baada ya mzigo au malipo kwenda kwa mtu mwingine.

Dawa yake ni kuongeza tarakimu moja ya ukaguzi mwishoni. Tuseme namba ni 45826. Kuanzia kulia, tarakimu huzidishwa kwa mbili kwa kuruka moja, na jibu likizidi 9 tarakimu zake hujumlishwa. Basi 6 inakuwa 12, yaani 3, 2 inabaki, 8 inakuwa 16, yaani 7, 5 inabaki, 4 inakuwa 8. Jumla ni 25. Ili ifike 30, ambayo inagawanyika kwa 10, inahitajika 5, na namba kamili inaandikwa 458265. Mtu akiandika kimakosa 485265, jumla inakuwa 27 na kosa linajulikana papo hapo, kabla namba haijatumika kwa lolote.

Algoriti hii hukamata kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila ubadilishanaji wa tarakimu za jirani. Hukwama kwa 09 na 90, kwa kuwa 9 ikizidishwa kwa mbili hutoa 18, ambayo ni 9 tena, na sifuri hubaki sifuri. Pia haioni pale 22 inapogeuka 55, 33 inapogeuka 66, au 44 inapogeuka 77. Luhn alilenga makosa ya bahati mbaya. Mtu mwenye nia ya kudanganya anaweza kutunga namba inayopita ukaguzi kwa dakika moja, kwa hiyo kupita kwake si ushahidi kwamba kadi ni halali.

Algoriti hiyo sasa hutumika katika kadi za benki duniani kote na katika namba za bima ya jamii za Kanada. Hutumika pia katika namba ya IMEI ya simu, ile inayoonekana mtumiaji anapobonyeza *#06#: tarakimu yake ya 15 ni ya ukaguzi.

Faharasa na muhtasari wa mashine

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Luhn aligeukia maandishi ya kawaida. Katika makala ya mwaka 1958 alieleza jinsi kompyuta ya IBM 704 inavyoweza kutoa muhtasari wa makala ya kisayansi. Mashine ilihesabu maneno, ikaacha yale yanayojirudia kila mahali na yale ya nadra mno, kisha ikachagua sentensi zenye maneno muhimu yaliyokaa karibu karibu. Haikuelewa chochote ilichosoma, na muhtasari wake ulikuwa wa kukatika katika, lakini msomaji aliweza kujua kama makala inamfaa.

Faharasa ya KWIC iliyofuata ilifanikiwa zaidi. Ndani yake kila kichwa cha makala huchapishwa mara kadhaa, kila mara neno moja muhimu likiwa katikati ya mstari na maneno ya jirani pembeni yake, na mistari yote hupangwa kwa alfabeti ya neno la katikati. Kuanzia 1961 shirika la Chemical Abstracts Service lilitumia mtindo huo katika jarida lake la Chemical Titles, na hivyo wanakemia walipata jibu la sehemu ya ombi lao la 1947. Luhn pia alipendekeza mfumo wa kumpelekea kila mtafiti taarifa mpya zinazolingana na mambo anayoyafuatilia.

Miaka ya mwisho

Luhn alistaafu IBM mwaka 1961 na kuendelea na ushauri. Mwaka 1964 alikuwa rais wa American Documentation Institute, chama cha wataalamu wa taarifa na nyaraka. Alifariki kwa saratani ya damu mwaka huo huo, tarehe 19 Agosti, huko Armonk katika jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 68. Mkusanyiko wa maandishi yake uliohaririwa na Claire Schultz ulichapishwa mwaka 1968.

Usawa na hashi katika programu za baadaye

Luhn hakuishi kuona lugha za programu zinazotumia objekti, yaani vifurushi vya data pamoja na matendo yake. Simula 67, lugha ya Norwei iliyofungua njia hiyo, ilikuja miaka mitatu baada ya kifo chake. Lugha hizo zilibadilisha hali ya ndoo zake. Katika waraka wa 1953 mhandisi mmoja aliamua yote mawili, jinsi ya kukokotoa hashi na jinsi ya kulinganisha. Katika Java, iliyotolewa mwaka 1995, jedwali la hashi ni sehemu ya lugha, lakini kila mwandishi wa programu hueleza mwenyewe objekti zake ni sawa lini. Hufanya hivyo kwa methodi mbili, equals kwa ulinganisho na hashCode kwa hashi, na methodi hizo huandikwa kila moja peke yake.

Kosa la kawaida ni kuandika ya kwanza na kuisahau ya pili. Tuseme programu ya shule ina objekti za wanafunzi, na mwandishi ameeleza kwamba wanafunzi wawili ni sawa wakiwa na namba moja ya usajili. Asipoandika hashi, Java hutumia ile ya asili, inayotegemea objekti yenyewe na si namba ya usajili. Mwanafunzi aliyelipa ada anawekwa katika jedwali. Kesho programu inasoma namba ile ile, inaunda objekti mpya na kuuliza kama imo. Karibu kila mara jibu litakuwa hapana. Programu haikwami wala haitoi onyo. Inatoa jibu la uongo kwa utulivu. Ubaya zaidi ni kwamba majaribio mengi hayaoni kosa hilo, kwa sababu objekti mbili zikilinganishwa moja kwa moja huonekana sawa kabisa.

Kosa jingine ni kuandika equals inayopokea objekti ya aina yake tu, wakati jedwali linaita ile inayopokea objekti yoyote. Mwandishi anadhani amebadilisha ulinganisho, kumbe ameongeza methodi nyingine yenye jina hilo hilo, na jedwali linaendelea na ule wa zamani. La tatu ni kukokotoa hashi kutokana na kitu kinachobadilika. Mwanafunzi akiwekwa katika ndoo kwa hashi ya jina lake, kisha jina likasahihishwa, anabaki katika ndoo ya jina la zamani. Kuna pia waliojilinda kwa kutoa namba moja ya hashi kwa objekti zote. Sharti halivunjwi, ila kila kitu kinajazana katika ndoo moja na utafutaji unarudi katika orodha ndefu ambayo Luhn alitaka kuikimbia.

Kwa kuwa makosa haya hujificha programu inapoendeshwa, hukamatwa vizuri zaidi kwa kuisoma programu bila kuiendesha, kazi inayoitwa uchambuzi tuli. Mfano unaojulikana ni FindBugs, chombo kilichoundwa na David Hovemeyer na Bill Pugh katika Chuo Kikuu cha Maryland na kuelezwa katika makala ya mwaka 2004. Chombo hicho husoma programu ya Java baada ya kukusanywa kuwa baitikodi, kikitafuta ruwaza za makosa yanayofahamika. Kanuni yake kuhusu hashi ni nyepesi: aina ya objekti yenye equals yake mwenyewe lakini isiyo na hashCode yake hutolewa onyo. Hakuna hesabu nzito ndani yake, na wenyewe walionyesha kwamba kanuni za namna hiyo hupata makosa halisi hata katika programu zilizoandikwa na wataalamu.

Uchambuzi wa namna hiyo una mipaka. Methodi inayokosekana huonekana kwa kuangalia tu, lakini kujua kama jina la mwanafunzi litabadilika akiwa ndani ya jedwali kunahitaji kufuatilia njia zote ambazo programu inaweza kupita, na chombo hulazimika kukisia. Baadhi ya maonyo pia huhusu objekti ambazo hazitaingia kamwe katika jedwali la hashi. Waandishi waliochoshwa na maonyo hayo huyazima, na lile moja la kweli hupotea pamoja nayo.

Mwaka 2021 Java 16 ilileta rasmi rekodi, aina ya objekti ambayo equals na hashCode yake huundwa na lugha yenyewe kutokana na sehemu zote za rekodi, hivyo hakuna ya kusahau. Hata hivyo rekodi yenye safu ndani yake bado hulinganisha safu hizo kwa kuangalia kama ni safu ile ile katika kumbukumbu, bila kutazama yaliyomo. Rekodi mbili zenye alama zile zile za mtihani huweza kuhesabiwa kuwa tofauti na kupelekwa katika ndoo mbili.